Kuvua Papa kwa Boti Ndogo Bahari Ikichafuka

Siku moja, bahari ikiwa imeanza kutoa povu, nilichoka kushikilia mshipi nikauzungusha kwenye chuma cha kufungia kamba kule tezi, yaani nyuma ya boti, angalau nipumue. Papa mwenyewe hakuwa wa kutisha, labda mita 2 na kitu. Akazama. Tezi ikavutwa chini shubiri moja tu, wimbi lililofuata likapanda bila kizuizi, na kufumba na kufumbua tulikuwa tumesimama ndani ya maji hadi magotini. Kisu kilikuwemo. Kilikuwa chini ya kapu la chambo, chini ya koti la mvua, chini ya galoni. Mwenzangu alikitafuta kwa kupapasa, akakipata, akakata, tukafua maji kwa ndoo mpaka mikono ikafa ganzi.

Tangu siku hiyo safari zangu za papa nazipanga kwa kipimo kimoja: je, wakati wowote, yeyote aliyemo chomboni anaweza kumwachia papa aende zake? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Nazungumzia boti ya wazi ya mita 5 hadi 7, injini moja, watu watatu. Vyombo vikubwa vina mambo yake. Kila chombo kwa wimbile. Wala simshauri mtu atoke bahari ikiwa imeshachafuka. Nazungumzia bahari inayokuchafukia ukiwa nje tayari, mishipi iko majini, jambo ambalo mvuvi wa papa halimkosi.

Hatua ya 1: Amua usiku, ukiwa nchi kavu

Uamuzi wa kutoka au kubaki ufanye usiku wa kuamkia safari, na uuandike. Mimi naandika namba mbili: upepo wa mwisho wa kuondoka nao, na upepo wa kunirudisha. Kwa boti ya mita 6, upepo wa kilomita 20 kwa saa unatosha kuwa mwisho wa kuondokea. Ukifika 28, ambao ndio ukingo wa juu wa nguvu ya 4 katika kipimo cha upepo cha Beaufort, mishipi inapandishwa hata kama papa wanaonekana kwa macho. Nguvu ya 5 huanzia 29, na hapo vilele vyeupe vimeshaenea kila upande na rasharasha zinaanza kuruka. Asubuhi, chambo kikiwa kimeanza kuyeyuka barafu na wenzako wameshavaa, kila namba utaiona ndogo. Ndiyo maana inaandikwa usiku.

Utabiri wa mawimbi nao usomwe kwa makini. Kimo kinachotangazwa kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile ya makubwa. Ukiambiwa mita 1.5, ukikaa huko saa kadhaa utakutana na moja linalokaribia mita 3. Kisha tazama sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 kila sekunde 11 ni kama kupanda kilima na kushuka. Unaweza hata kunywa chai. Kimo hicho hicho kila sekunde 5 ni makofi, na boti ndogo haipati nafasi ya kuinua omo, yaani mbele yake, kabla ya kofi la pili.

La kuangaliwa zaidi ya upepo wenyewe ni ugomvi wa upepo na mkondo. Vikienda njia moja, bahari hulala. Mkondo ukigeuka kuukabili upepo, mawimbi yaleyale hujikunja, husimama wima na kukaribiana, bila upepo kuongezeka hata kidogo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huenda mbio zaidi, kwa hiyo kwenye maeneo ya mikondo mikali mimi husubiri maji mafu, siku yanapojaa na kupwa kidogo. Mlango wa mto au wa bandari wenye kina kifupi huwa mbaya zaidi maji yakitoka huku upepo ukiingia. Piga hesabu ya saa ya kurudi kabla ya saa ya kuondoka.

Mwachie mtu wa nchi kavu ujumbe wa maandishi: mnaelekea wapi, mko wangapi, boti ina rangi gani, na saa ambayo ikipita bila habari zenu apige simu kwa waokoaji. Asipige kwenu kwanza kuulizia. Apige kwa waokoaji.

Hatua ya 2: Andaa chombo kwa ajili ya maji yatakayoingia

Maji yataingia. Lita 200 zinaonekana kidogo zikitapakaa sakafuni, ila uzito wake umepita kilo 200, sawa na kupakia watu watatu wasiokaa chini wakatulia. Boti ikilala upande, maji yote hukimbilia upande huohuo na kuilaza zaidi. Kwa hiyo pampu iwepo, lakini pia ndoo imara iliyofungwa kamba. Pampu huziba magamba na vipande vya chambo wakati ule ule unapoihitaji. Ndoo haina pa kuzibia.

Kila kitu kinachoweza kuteleza kifungwe: tangi la mafuta, sanduku la barafu, makapu. Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Kurudi dhidi ya upepo hula mafuta kuliko unavyodhani.

Jaketi la kujiokolea livaliwe tangu ufukweni. Lililowekwa chini ya kiti ni la kuwaonyesha wakaguzi. Mshika usukani ajifunge kamba ya kuzimia injini mkononi au mguuni, maana akirushwa nje boti isiyo na mtu huzunguka na kumrudia na propela yake. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, iwe kwenye chaneli ya 16 ya dharura, na kila mmoja, si nahodha peke yake, ajue la kusema: neno Mayday mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali mlipo, shida ni nini, mko wangapi. Simu weka kwenye mfuko usiopitisha maji, lakini usiifanye tegemeo.

Visu ni viwili. Kimoja karibu na usukani, kingine omo, vyote kwenye ala zilizokazwa kwa misumari, mpini ukitazama juu. Karibu na kile cha omo pawe na koleo la kukatia waya, kwa sababu kisu hakikati waya wa papa. Kabla hamjaondoka, kila mmoja afumbe macho na anyooshe mkono hadi kisu kilipo. Watacheka. Wafanye hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Zana chache, na hakuna kilichofungwa moja kwa moja

Bahari ikiwa shwari watu hushusha mishipi minne. Mimi nashusha miwili, na upepo ukiongezeka mmoja. Mishipi minne, kamba ya nanga na boti inayoyumba ni fundo linalokusubiri.

Mwishoni mwa mshipi weka kizungusho imara, kisha mita 3 hadi 4 za kitu kisichokatika kirahisi, na kipande cha mwisho karibu na ndoana kiwe waya. Meno ndiyo kila mtu huyafikiria. Ngozi nayo hukata. Imejaa vijino vidogo vilivyolala kuelekea mkiani: papasa toka kichwani kwenda mkiani, ni laini, rudisha mkono, ni msasa. Papa akijiviringisha kwenye mshipi wa kawaida, ngozi inausaga mpaka unakatika, na yeye anaondoka na ndoana na mita kadhaa za kamba zikimfuata. Ndiyo maana sehemu hiyo yote ya mita 3 hadi 4 iwe ndefu kuliko papa mwenyewe.

Ndoana iwe ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi ndani. Humnasa pembeni mwa mdomo mara nyingi kuliko kumwingia tumboni. Ichague ya chuma kinachoshika kutu, na kile kimwiba chake kibonyeze kwa koleo mpaka kilale. Ukilazimika kukata, chuma hicho huliwa na maji ya chumvi na kudondoka. Kile kisichoshika kutu hukaa mdomoni muda mrefu.

Kama unatumia fimbo na rili, breki ya rili ipimwe nchi kavu kwa mizani, kiasi cha robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kama unavua kwa mkono, vaa glavu, na mshipi uliolegea uangukie ndani ya ndoo au kapu, usitandazwe sakafuni. Mguu ulioingia kwenye duara la mshipi haukupi muda wa kufikiri. Mwisho wa mshipi ufunge kwenye boya, boya likae tu pale bila kufungwa. Papa akishinda, mrushie boya lote, umfuate kwa utulivu au umwache.

Hatua ya 4: Ujue ni papa gani, na yupi humgusi

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa sheria hutofautiana nchi na nchi, na kazi ya kuuliza idara ya uvuvi ya mahali unapovulia ni yako. Lakini yako mambo ya jumla. Papa potwe na papa mweupe mkubwa wamo kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Aina tatu za papa nyundo ziliingizwa mwaka 2013, mako mwaka 2019, na mwaka 2022 jamii nzima anamohesabiwa papa bluu. Papa hukua polepole na huzaa wachache wakilinganishwa na samaki wengine. Kuna aina wa bahari za baridi anayebeba mimba karibu miaka 2. Kukata mapezi na kutupa mwili baharini ni kosa katika nchi nyingi, na hata pasipo sheria ni uchafu wa kazi.

Tabia zao pia zikusaidie kujipanga. Papa nyundo huchoka hadi kufa upesi, kwa hiyo akinasa kata waya mapema. Mako huruka nje ya maji, na ameshawahi kuwaangukia wavuvi ndani ya boti. Akianza kuja juu kwa kasi, legeza, mpe nafasi, elekeza omo pembeni.

Hatua ya 5: Elea, usitie nanga chini

Nanga ya chini katika mawimbi makali inaishikilia omo wakati wimbi linataka kuiinua. Tumia nanga ya kitambaa, ile inayofunguka majini kama mwavuli, na uifunge omo. Usiifunge tezi kabisa. Ndiko kwenye injini na ubao mfupi, ndiko maji yanakoingilia. Kamba yake iwe ndefu, na mwisho wake uwe na boya lake na fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Papa akikamata, kamba hiyo unaiachia ikae juu ya boya lake, unashughulika naye ukiwa huru, kisha unarudi kuiokota.

Chambo cha kuvutia ni samaki wa mafuta waliopondwa, ndani ya mfuko wa nyavu, umening'inizwa ubavuni ukigusa maji kila boti inapolala. Hii ndiyo faida pekee ya bahari iliyochafuka: mawimbi yanakufanyia kazi ya kukamua. Mafuta yanatandaza njia nyororo juu ya maji, na kwa kuwa upepo unaisukuma boti kuliko unavyosukuma maji, njia hiyo inabaki upande wa joshi, yaani upepo unakotoka. Papa atakuja kutoka huko. Mishipi nayo itaelekea huko huko, ambako ndiko kamba ya nanga ilipo; ushushe mmoja kila bega la omo, chambo cha mmoja kikiwa kama mita 10 chini ya boya lake na cha mwingine mita 20 au zaidi, usogeze mbali mmoja kuliko mwingine.

Halafu unasubiri. Muda huu ndio unaowaangusha watu, kwa sababu boti iliyosimama hutikisika kuliko inayokwenda. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kuondoka. Ukisubiri mpaka tumbo lipinduke umechelewa. Mtu aliyelewa mawimbi mpe kazi ya kutazama upeo wa macho, asiiname kuponda chambo. Akianza kutetemeka na kunyamaza, huyo ni mgonjwa, safari imekwisha.

Usishangae papa akija kunusa propela badala ya chambo. Puani ana vitundu vidogo vyenye ute vinavyohisi umeme hafifu, na chuma kilicho ndani ya maji ya chumvi hutoa umeme wa namna hiyo.

Hatua ya 6: Amekamata

Ukitumia ndoana ya duara usishtue mshipi. Mwache aondoke nayo, kaza taratibu, itajigeuza yenyewe na kumnasa. Wakati huo huo injini iwashwe, mshipi wa pili upandishwe, nanga ya kitambaa iachiwe. Mambo matatu, watu watatu, na kila mtu awe analijua lake tangu nchi kavu, maana kelele za upepo hazitawaachia kusikilizana.

Mshika usukani ndiye anayevua hasa. Kazi yake ni kuiweka omo ikitazama mawimbi kwa pembe kidogo, na papa awe upande wa joshi, mbele ya bega la boti. Akiwa demani, yaani upepo unakoelekea, boti itasukumwa juu yake, mshipi utaingia chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, na kufika kwenye propela. Akianza kuzunguka kuelekea tezi, igeuze boti, usimfuate kwa miguu. Mvuvi akae au apige magoti. Anayesimama wima akivuta samaki kwenye boti inayoyumba anajitafutia njia ya kutoka.

Uzito ugawanyike. Papa akionekana kwa mara ya kwanza, ule mgongo wa kijivu au wa buluu ukipanda taratibu chini ya povu, kila mtu hukimbilia upande ule kuangalia. Hapo ndipo boti zinapopinduka. Mtu mmoja abaki upande wa pili, aione baadaye kwenye picha.

Vuta boti inaposhuka, shikilia inapopanda. Wimbi linaiinua boti mita 1 lakini papa halimwinui pamoja nawe, na ukikaza wakati huo unavuta uzito wake wote kwa nguvu ya bahari nzima. Mimi nimejiwekea dakika 40. Zikipita bila kumsogeza karibu, nakata. Baada ya hapo mnachoka wote wawili, na aliyechoka nje ya maji yake ni wewe.

Hatua ya 7: Ubavuni

Sasa yuko mita 2 kutoka kwako. Mshipi umekwisha, kizungusho kimetoka majini, waya unalia kwenye ukingo wa boti. Mshika waya amevaa glavu na anaushika kwa vidole vilivyofungika kama anashika kikombe. Hauzungushi kiganjani hata mara moja. Boti inalala kuelekea papa, maji yanafika ukingoni, inarudi. Papa anageuza kichwa, unaona jicho, unaona ndoana kwenye pembe ya mdomo na kipande cha chambo kikipepea. Mkia ndio unaotakiwa kuuogopa: anapiga mara moja, kofi linasikika mpaka tezi, na kila mtu analowa.

Usimpandishe. Mawimbi huja kwa makundi, makubwa matatu au manne kisha utulivu kidogo. Ngoja utulivu huo. Mwenye koleo anainama mara moja, anakata waya karibu na ndoana kadiri mkono unavyofika salama, anainuka. Ikiwa ndoana imeingia ndani, kata tu, usichokonoe. Urefu wake mkadirie kwa alama mlizochora ubavuni mwa boti. Akibaki ameduwaa, mshika usukani aende mbele polepole huku papa angali ameshikwa waya, maji yapite kwenye matamvua, kisha waya ukatwe. Aina nyingi za papa wa bahari kuu hupumua kwa kuogelea.

Kama ni aina inayoruhusiwa na mnamhitaji kwa kitoweo, awe mdogo mnayemmudu, auawe angali majini, atolewe damu na utumbo papo hapo, na awekwe kwenye barafu. Nyama yake ina urea nyingi, ambayo ikikaa hugeuka amonia. Ile harufu kali watu wanayoisingizia papa mara nyingi ni uvivu wa mvuvi. Mdomo wake ufungwe hata akionekana amekufa, kwani taya huuma bila kuuliza. Lakini bahari ikiwa imepita namba yako ya pili, hata mdogo asipande.

Hatua ya 8: Kurudi

Mawimbi yakitoka nyuma, hatari ni kuteleza nayo. Boti ikishuka uso wa wimbi kwa kasi kuliko wimbi lenyewe, omo huchimba, tezi inazungushwa ubavu, na mnapinduka. Panda nyuma ya wimbi moja na ukae hapo, kwa mwendo wake, mkono kwenye gesi muda wote. Uzito usogee nyuma kidogo, omo iwe nyepesi. Mishipi yote iwe imekunjwa. Huu si wakati wa kuburuta chambo kingine.

Kwenye mlango wa mto au wa bandari simama nje kwanza. Tazama makundi mawili au matatu ya mawimbi yakipasuka, ona yanapopasukia, kisha ingia nyuma ya kubwa la mwisho bila kusita katikati. Kama mlango umefungwa na povu toka upande hadi upande, kaa nje ambako kuna kina, omo kwenye mawimbi, mpaka maji yageuke. Saa mbili au tatu za baridi na njaa zinavumilika. Piga redio useme mko salama na mnasubiri, ili yule wa nchi kavu asihangaike.

Ikitokea mmepinduka, msiiache boti. Kichwa cha mtu hakionekani kati ya mawimbi. Tumbo la boti linaonekana. Pandeni juu yake mnavyoweza, mfungane kwa kamba ya ndoo, na asiwepo wa kujaribu kuogelea kwenda pwani inayoonekana karibu.

Mkifika, mtaarifu yule wa nchi kavu kabla ya kushusha chochote. Injini isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi, rili vilevile. Waya uliopinda hata mahali pamoja utupwe, haunyooki tena. Visu vyote viwili, hata kile ambacho hakikutumika, vioshwe, vikaushwe, vinolewe usiku huohuo, virudishwe kwenye ala zake, mpini juu.